SPRINGI NA SKRUBU: HISTORIA YA MAGAZINI NA DARUBINI ZA BUNDUKI



Watu wakiongea juu ya bunduki, wanaongea juu ya mtutu, juu ya ukubwa wa risasi na umbali inakofika. Ni wachache wanaouliza juu ya vitu viwili vidogo: springi iliyo ndani ya magazini (ile ambayo kwetu wengi wanaiita sharjeri), na skrubu inayoshika darubini juu ya bunduki. Lakini ukifuata historia ya miaka 160 hivi iliyopita, utakuta hivi viwili vimeamua mambo makubwa kuliko mtutu wenyewe.

Sisi watu wa kilimo hatushangai. Pompi ya kunyunyizia dawa inaweza kuwa mpya kabisa, lakini kile kitundu cha mwisho kikiziba, kazi ya siku nzima imekufa. Kifaa chote kina nguvu ya sehemu yake iliyo dhaifu.

Najua kwetu neno "bunduki" lina uzito. Siandiki hapa kumfundisha mtu kupiga. Nataka kuonyesha jambo moja la historia: maofisi yalichagua magazini na darubini kwa kuhesabu pesa na risasi, kiisha matope yakawasahihisha. Na huku Afrika kulikuwa na swali lingine lililotangulia yote: nani anaruhusiwa kushika magazini?

1. HOFU YA KUPOTEZA RISASI

Kwa miaka mingi bunduki ilikuwa ya kupakia mdomoni: baruti, kitambaa, risasi, kusindilia kwa fimbo, ndipo unapiga mara moja. Wazee wetu waliijua kwa jina la gumegume, kwa sababu ya lile jiwe linalotoa cheche. Baadaye ikaja ya fataki, yenye kifuniko kidogo cha shaba kinacholipuka kikigongwa. Zote mbili zilitaka subira.

Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861 mpaka 1865) ilitokea bunduki ya Spencer, iliyobeba risasi 7 katika bomba ndani ya kitako. Askari waliitaka sana. Aliyeipinga ni mkubwa wa ofisi ya silaha mwenyewe, Jenerali James Ripley. Moja ya sababu zake ilikuwa ya mtu wa stoo: askari akiwa na risasi nyingi tayari, atazimwaga ovyo, na nani atazibeba zingine mpaka mbele? Mwezi wa Agosti 1863 Rais Abraham Lincoln aliijaribu Spencer kwa mkono wake mwenyewe, na ikamridhisha.

Hofu ile ya Ripley haikufa pamoja naye. Uingereza ilipochukua bunduki ya Lee-Metford mwaka 1888, iliiwekea magazini nzuri ya risasi 8, baadaye 10, lakini juu yake ikaweka kipande cha chuma cha kuifunga. Amri ilikuwa hivi: askari apige risasi mojamoja akiziingiza kwa mkono, na magazini ibaki imefungwa, mpaka afisa atoe ruhusa. Lebel ya Ufaransa ilikuwa na kifungo cha namna hiyo. Krag ya Marekani pia.

Basi askari alibeba magazini iliyojaa ambayo hakuruhusiwa kuitumia. Uingereza ilikuja kuacha kutengeneza kifungo hicho katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, katika lile toleo lililoitwa Mk III*. Mpaka hapo kilikuwa kimekaa karibu miaka 30.

2. NJIA NNE ZA KUPANGA RISASI

Kati ya 1866 na 1893 watengenezaji walijaribu njia nyingi. Nne ndizo zilizobaki katika historia, na kila moja ilikuwa na ugonjwa wake.

Ya kwanza ni bomba chini ya mtutu, kama Winchester za 1866 na 1873. Ilipiga haraka. Katika vita vya Plevna mwaka 1877, askari wa Uturuki waliwapiga Warusi wakiwa mbali kwa Peabody-Martini, bunduki ya risasi moja, kiisha waliposogea karibu wakachukua Winchester. Jeshi la Urusi lilipoteza watu wengi sana, na Ulaya yote ikashtuka. Lakini bomba lina ubaya. Kila risasi ikitoka, uzito wa bunduki unahama mkononi. Tena risasi zimelala moja nyuma ya nyingine, ncha ya moja ikigusa kitako cha mwenzake, pale penye fataki. Wafaransa walikuwa na bomba la risasi 8 katika Lebel ya 1886. Walipoleta risasi yenye ncha kali mwaka 1898, walilazimika kuchonga mfereji kuzunguka fataki katika kila ganda, ili ncha ya risasi ya nyuma ianguke mle mferejini isigonge fataki.

Ya pili ni ya Mannlicher wa Austria. Risasi 5 zimefungwa katika klipu ya chuma, na klipu yote inaingia ndani ya bunduki. Risasi zikiisha, klipu inaanguka yenyewe chini. Ni haraka sana. Lakini ili klipu ianguke lazima kuwe na tundu chini, na tundu linalotoa klipu linaingiza pia udongo. Bunduki ya Ujerumani ya 1888 ilikuwa na tundu hilo, na baadaye walitafuta njia ya kuliziba.

Ya tatu ni ya James Paris Lee, mtu aliyezaliwa Scotland, akakulia Kanada, akafanya kazi Marekani. Mwaka 1879 alipata hati ya ubunifu wa sanduku la bati lenye springi, linalochomekwa chini ya bunduki na kuchomolewa. Ndilo babu wa kila sharjeri unayoiona leo. Ugonjwa wake uko katika midomo ya juu, zile kingo mbili za bati zinazozuia risasi isiruke. Ikipinda kidogo tu, risasi inapanda vibaya na kukwama.

Ya nne ni ya Paul Mauser. Magazini haitoki. Ni sehemu ya bunduki, na risasi 5 zinaingizwa kutoka juu kwa klipu nyembamba: unaichomeka, unasukuma kwa dole gumba, risasi zinashuka zote, klipu unaitupa. Bunduki yake ya kwanza ya namna hii ilinunuliwa na Ubelgiji mwaka 1889. Ni kwa ajili ya kutengeneza bunduki 150,000 za Mauser huyo kwamba kampuni ya FN iliundwa kule Herstal, karibu na Liège, mwaka uleule. Magazini ya 1889 ilipanga risasi katika mstari mmoja, kwa hiyo ilining'inia chini na kuwa rahisi kugongwa. Katika Mauser ya Hispania ya 1893 risasi zilipangwa kwa zigizaga, na sanduku lote likajificha ndani ya mbao. Hapo hakuna kitu cha kupinda wala cha kupotea.

3. CUBA NA AFRIKA KUSINI: DARASA LA GHARAMA

Tarehe 1 Julai 1898, kule Cuba, Wamarekani walipanda vilima vya San Juan na El Caney. Waspania waliokuwa juu walikuwa wachache sana kuliko wao, lakini walikuwa na Mauser ya 1893 na klipu zake. Wamarekani wenye Krag walikuwa wanafungua kilango cha pembeni na kuingiza risasi mojamoja. Wamarekani walishinda siku ile, lakini kwa damu nyingi. Baada ya vita, Marekani ilitengeneza Springfield ya 1903 ikifuata njia ya Mauser kwa karibu sana, mpaka ikabidi ilipe kampuni ya Mauser dola 200,000.

Mwaka uliofuata, 1899, vita vya Waboeri vilianza Afrika Kusini. Makaburu walikuwa wakulima na wafugaji, watu wa kuwinda. Walikuwa wamenunua Mauser za milimita 7. Magazini yao ilikuwa ya risasi 5, nusu ya ile ya Waingereza yenye 10. Ukihesabu kwa karatasi, Mwingereza ameshinda. Lakini Mwingereza akimaliza zile 10 anaanza kuingiza moja, moja, moja, huku Kaburu anasukuma 5 kwa dole gumba. Dakika ya pili ya mapigano, hesabu imegeuka.

Uingereza ilijifunza. Bunduki yao iliyofuata, Lee-Enfield fupi, ilibaki na sanduku la risasi 10 la Lee na ikaongezewa fasi ya kuchomeka klipu kama ya Mauser. Hapa kuna somo la kwanza la kuchagua: usiulize tu magazini inabeba ngapi. Uliza inarudi kazini baada ya muda gani, na ni kitu gani ndani yake kinaweza kuharibika.

4. HUKU KWETU: SHERIA YA MSTARI WA LATITUDO

Wakati Ulaya inabishana klipu na bomba, kule Brussels tarehe 2 Julai 1890 mataifa 17 yalitia sahihi mkataba mkubwa juu ya utumwa. Dola Huru la Kongo la Mfalme Leopold lilitia sahihi. Zanzibar pia. Mkataba ule ulisema unapigana na biashara ya watumwa, na kwa kweli silaha zilikuwa zimesaidia biashara hiyo kuingia mpaka Maniema. Lakini ulikuwa na sehemu juu ya bunduki ambayo watu wachache wanaikumbuka.

Kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, kuingiza bunduki za kisasa na risasi zake kulikatazwa. Kilichoruhusiwa kuuzwa kwa wenyeji, na hicho pia kwa masharti, ni bunduki ya jiwe isiyo na mifereji ndani ya mtutu, na baruti ya kawaida ya biashara. Majeshi ya serikali yaliachwa nje ya katazo. Wasafiri wenye karatasi ya serikali yao pia, kwa kujilinda.

Tazama tarehe. Ni mwaka mmoja tu baada ya Ubelgiji kuagiza Mauser 150,000. Yaani wakati ambapo magazini ilikuwa inaletwa katika jeshi la Ubelgiji ndio wakati ambapo ukanda mzima wa Afrika, na sisi katikati yake, ulifungiwa kwenye gumegume kwa sheria. Pengo kati ya mwenye magazini na asiye nayo halikutoka mbinguni. Liliandikwa kwa wino, na vipimo vyake vikachorwa kwenye ramani.

Hata masoda wa Leta wenyewe hawakupewa magazini. Force Publique ilibeba Albini, bunduki ya Ubelgiji ya risasi moja, ya miaka ya 1860 na 1870. Na ile hofu ya Ripley, hofu ya kupoteza risasi, ilichukua huku sura ambayo mtu wa ofisi ya Washington asingeiwaza. Katika miaka ya mpira, masoda walitakiwa kueleza kila risasi waliyotumia kwa kuleta mkono uliokatwa wa mtu aliyeuawa. Aliyepiga risasi kwa kuwinda nyama, au aliyekosa shabaha, alitafuta mkono mahali pengine, hata kwa mtu aliye hai. Konsuli wa Uingereza Roger Casement aliandika habari hizi baada ya safari yake ya 1903, na ripoti yake ilitoka 1904.

Napenda tuliweke jambo hili karibu na kile kifungo cha Lee-Metford. Ulaya, ofisi isiyomwamini askari ilifunga magazini kwa kipande cha chuma. Kongo, ofisi isiyomwamini soda ilidai mikono ya watu. Daftari ni lilelile, la kuhesabu risasi. Kilichotofautiana ni thamani waliyompa mtu aliyesimama mbele ya bunduki.

Hata vita vya 1914 vilipofika, masoda wengi wa Force Publique walikuwa bado na Albini. Upande wa pili wa ziwa Tanganyika, askari wengi wa Wajerumani walikuwa na bunduki ya mwaka 1871, ya risasi moja, yenye baruti nyeusi: ukipiga, wingu la moshi linamwonyesha kila mtu mahali ulipo. Kule Tanga, Novemba 1914, Wajerumani walipowashinda Waingereza walifurahia mno bunduki mpya na risasi zipatazo 600,000 walizokuta zimeachwa. Masoda wetu walioingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916, chini ya Jenerali Tombeur, wanasifiwa katika vitabu. Sifa hiyo ni halali yao. Lakini ni vizuri kukumbuka kwamba, pande zote mbili, Mwafrika alipelekwa katika vita vya Wazungu na wengi wakiwa na silaha ambayo Mzungu mwenyewe alikuwa ameshaiacha kwao.

5. MATOPE NDIYO HAKIMU

Ulaya nako, matope ya Ufaransa yalitoa hukumu. Mwaka 1915 jeshi la Ufaransa lilileta bunduki nyepesi ya rashasha iitwayo Chauchat. Magazini yake ilikuwa ya risasi 20, yenye umbo la nusu mwezi, ya bati jembamba, na upande mmoja ilikuwa na madirisha makubwa ili askari aone risasi zilizobaki. Katika ofisi wazo hilo ni zuri. Katika handaki, madirisha yale yaliingiza matope moja kwa moja juu ya springi. Sehemu kubwa ya kukwama kwa Chauchat ilitokana na magazini.

Waingereza nao, katika Vita Kuu ya Pili, walitengeneza Sten kwa bei rahisi sana. Magazini yake ilibeba risasi 32. Ndani zilipangwa mistari miwili, lakini pale mdomoni ilibidi zibanwe ziwe mstari mmoja, na hapo ndipo zilipokwama. Askari walijifunza wenyewe: usijaze 32, weka 28 au 30, springi ipate kupumua. Karatasi ilisema 32, uzoefu ukasema 28. Aliyetaka kurudi nyumbani alifuata uzoefu.

Kuna pia ugonjwa wa vipimo. FAL, bunduki ya FN ya miaka ya 1950 ambayo wazee wengi wa Kongo wanaijua, ilitengenezwa kwa vipimo viwili: vya milimita kwa Ubelgiji na nchi nyingi, na vya inchi kwa Uingereza na baadhi ya nchi za Jumuiya ya Madola. Kwa macho zinafanana. Lakini magazini ya inchi ina kidomo kikubwa mbele na haiingii katika bunduki ya milimita. Ile ya milimita inaingia katika bunduki ya inchi, ila inacheza. Katika vita vya Falkland mwaka 1982, pande zote mbili zilibeba FAL: Waajentina ya milimita, Waingereza ya inchi. Kufanana kwa jina hakumaanishi kufanana kwa kazi.

6. DARUBINI: KIOO NI KIZURI, SHIDA NI KISHIKIO

Darubini juu ya bunduki si kitu cha jana. Katika vita vile vya Marekani vya 1861 walikuwepo walenga shabaha wenye darubini ndefu za shaba. Lakini ni Vita Kuu ya Kwanza vilivyoifanya silaha ya kila siku.

Wajerumani walianza mbele, sababu walikuwa na wawindaji wengi. Serikali ilikusanya bunduki za kuwinda zenye darubini na kuzipeleka mstari wa mbele. Kumbe kulikuwa na mtego: nyingi zilitengenezwa kwa risasi ya zamani ya 1888, si ile mpya yenye ncha kali. Ikabidi zipigiliwe kibandiko chenye picha ya risasi sahihi, ili askari gizani asiingize isiyofaa. Vifaa vya kukusanya haraka vina madeni yao.

Waingereza walichelewa, na walipoanza walikosea kwa namna nyingine. Mwindaji mmoja jina lake Hesketh-Prichard alifika Ufaransa mwaka 1915. Alizunguka kwenye mahandaki akikagua bunduki zenye darubini, na akakuta nyingi hazipigi pale zinapoonyesha. Kioo kilikuwa kizima. Shida ni kwamba bunduki ilipitishwa kutoka mkono mmoja mpaka mwingine bila mtu kufundishwa, vishikio vikalegea, na hakuna aliyesawazisha tena darubini na mtutu. Askari aliangalia ndani, akaona adui mkubwa na karibu, akapiga, akakosa, akafikiri ni yeye mbaya. Hesketh-Prichard alianzisha shule mwaka 1916, na moja ya kazi zake kubwa ilikuwa hiyo: kukaza, kusawazisha, kujaribu, kurudia.

Katika vita vya pili Waingereza walikuwa wameelewa. Lee-Enfield yao ya kulenga mbali, No. 4 (T), ilipelekwa kwa mafundi wa Holland & Holland, na kila darubini ilifungwa juu ya bunduki moja, kiisha namba ya darubini ikagongwa kwenye bunduki. Hazikutakiwa kuachana. Darubini ya bunduki hii haikuhamishiwa ile, hata kama zote zimetoka fundi mmoja.

Tena kuna Simo Häyhä wa Finland, mlenga shabaha anayejulikana kuliko wote katika vita vya baridi ya 1939 na 1940. Yeye hakutumia darubini kabisa. Alilenga kwa vyuma vya kawaida, kwa sababu darubini inakulazimisha kuinua kichwa, kioo chake kinaweza kung'aa kwenye jua na kushika ukungu kwenye baridi. Mtu anayejua uwanja wake anaweza kukataa kifaa ambacho wengine wote wanakitamani.

7. WALIPOGOMBANIA NAFASI MOJA

Sasa tuunganishe. Klipu ya Mauser inaingia kutoka juu. Darubini nayo inataka kukaa palepale juu. Haziwezi kukaa pamoja.

Waingereza wa vita vya kwanza waliilinda klipu: wakasukuma darubini pembeni, upande wa kushoto. Ikawa jicho na mtutu haviko katika mstari mmoja, na katika lile tundu jembamba la bamba la chuma ambalo mlenga shabaha alitolea bunduki, darubini ilitazama chuma. Warusi wa vita vya pili walilinda darubini: wakaiweka juu ya Mosin, na askari akarudi kuingiza risasi mojamoja, kama zamani za Krag. Wamarekani, juu ya Garand yao yenye klipu ya risasi 8 kutoka juu, waliweka darubini kushoto na kumpa askari mto wa ngozi wa kuegemeza shavu.

Ugomvi huu uliisha kwa kurudi kwa James Paris Lee. Magazini ikichomekwa kutoka chini, juu panabaki wazi. Dragunov ya Kisovieti ya 1963 ina magazini ya risasi 10 chini na darubini juu, na hakuna anayemsumbua mwenzake. Ndiyo kusema sanduku la 1879 lilishinda pole pole, karibu karne nzima, si kwa sababu lilikuwa na nguvu kuliko la Mauser, bali kwa sababu lilikaa mahali pasipo na ugomvi.

Kwa darubini yenyewe, mambo mawili yalibaki. La kwanza ni ukungu: mwishoni mwa miaka ya 1940 kampuni ya Leupold kule Oregon ilianza kutoa hewa ya kawaida ndani ya darubini na kujaza gesi ya naitrojeni, kavu, isiyotengeneza ukungu. Kwa nchi ya msitu na mvua kama yetu, hilo lina maana kuliko ukubwa wa picha. La pili ni kishikio: William Weaver wa Marekani, aliyeanza mwaka 1930, alieneza reli yake yenye mifereji, na mwaka 1995 jeshi la Marekani likaweka kipimo kimoja, reli ya Picatinny, kila mfereji milimita 5.23. Reli ya Weaver inafanana nayo, lakini mifereji yake ni myembamba zaidi. Kishikio cha Weaver kwa kawaida kinakaa kwenye Picatinny, cha Picatinny si kila mara kitakaa kwenye Weaver. Ni hadithi ileile ya FAL.

8. TUNABAKI NA NINI?

Kwa anayechagua vifaa hivi kwa kazi halali, awe mlinzi wa mbuga au mwindaji mwenye kibali, historia hii imeacha kanuni chache.

Magazini: angalia kwanza midomo, kiisha springi, ndipo idadi. Iliyofungwa vizuri inashinda yenye madirisha. Punguza risasi mbili kama springi ni ngumu. Zipe magazini zako namba, na ile inayokwama mara mbili iondoe, usiirudishe mfukoni kwa huruma. Hakikisha ni ya bunduki ile, si ya ndugu yake.

Darubini: pesa yako ya kwanza iende kwenye kishikio. Skrubu zikazwe kwa usawa, zisiwe na mafuta. Ukitoka safari ndefu ya pikipiki, jaribu kwenye shabaha ya karatasi kabla ya kuiamini. Usiihamishe kwenye bunduki nyingine bila kusawazisha upya. Na kama msitu ni mnene na macho yanafika mita 40 tu, mkumbuke Häyhä.

Lakini kanuni kubwa haihusu chuma. Ripley hakubeba Spencer. Waliofunga magazini ya Lee-Metford hawakulala handakini. Wengi wa waliotia sahihi Brussels hawakuishi kati ya latitudo 20 na 22. Aliyeweka madirisha kwenye Chauchat hakuwa wa kwanza kuona tope likiingia. Karibu kila mara, aliyechagua na aliyebeba walikuwa watu wawili tofauti, na aliyebeba ndiye aliyelipa.

Wengi wetu hapa kesho tutakaa upande wa kuchagua. Si bunduki, Mungu atujalie. Tutachagua mbegu, mbolea, pompi, jembe la trakta, kwa ajili ya mtu ambaye atavibeba shambani na sisi tumebaki ofisini na daftari. Kabla ya kutia sahihi, tumpelekee kifaa kwanza. Akitumie mwezi mmoja kwenye matope yake mwenyewe, kiisha atuambie ni wapi springi imechoka na skrubu ipi imelegea.